Mgeni anataka kumuasili mtoto wa ndugu yako: hatua za kufuata ukiwa Kigoma

Nakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria: kuwaandikia watu barua, kuwasindikiza ofisini, kuwasomea karatasi walizosainishwa bila kusomewa. Maswali kuhusu watoto kwenda nje hayabadiliki. "Mfadhili wa kanisani anataka kumchukua mtoto wa marehemu dada yangu, nisaini wapi?" "Shangazi yake yuko Uingereza, si aje amchukue tu?" "Wakili ametuandikia hati na muhuri kapiga, mbona ubalozi unakataa?" Nimeamua kuyajibu yote kwa mara moja.

Nakuandikia wewe uliye upande wa mtoto: bibi, mjomba, shangazi, au mlezi wa makao ya watoto. Mgeni ana watu wa kumwelekeza kwao. Wewe mara nyingi huna, na ndiye unayeletewa kalamu.

Maneno matatu kwanza, maana watu huyachanganya. Kulea mtoto wa ndugu ni kile tulichokifanya miaka yote, mtoto anabaki wa wazazi wake. Malezi ya kambo ni mtoto kukabidhiwa kwa familia nyingine kwa muda, ustawi wa jamii wakisimamia. Kuasili ni jambo zito zaidi: mahakama inakata uhusiano wa kisheria wa mtoto na wazazi waliomzaa na kumfanya mtoto wa watu wengine kabisa, kana kwamba wao ndio waliomzaa. Damu haibadiliki, lakini karatasi zote zinabadilika. Ukiambiwa "ni kama kumlea tu", aliyekuambia hajui au anakudanganya.

Na sheria zenyewe kwa ufupi. Kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993, ulioanza kutumika 1 Mei 1995, unaoratibu uasili kati ya nchi na nchi. Wanachama wake wamepita 100. Majirani zetu Burundi, Rwanda, Kenya na Zambia wamo. Tanzania haimo. Lakini hilo halina maana kwamba huku hakuna sheria. Tuliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003, na vyote viwili vinagusa uasili wa nje. Juu ya hayo tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kanuni kubwa za The Hague utazikuta humo kwa maneno mengine, na nchi ya mgeni nayo huenda ikazidai.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kadi ya kliniki haitoshi, ila usiitupe, ndiyo itakayokusaidia kupata cheti.
- Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kile kibali cha kuzikia mlichopewa hospitali si cheti cha kifo. Kati ya familia kumi zinazonijia, nane zina kibali tu.
- Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji.
- Kama mtoto yuko makao, karatasi zinazoonyesha nani alimpeleka, lini, na kwa amri ya nani.
- Daftari. Andika humo majina ya ndugu wote wa mtoto, wa kuumeni na wa kukeni, wanakoishi na simu zao. Wa ng'ambo ya ziwa pia.
- Nakala za kila kitu, mbili mbili. Halisi isitoke mkononi mwako isipokuwa kwa ofisi ya serikali.

HATUA

1. Uliza kwanza kama mtoto anahitaji kuasiliwa.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na watu, na wengi hawapendi. Kanuni ya kwanza ya sheria zote nilizotaja ni kwamba mtoto abaki kwa wazazi wake inapowezekana. Isipowezekana, kwa ndugu zake. Isipowezekana, kwa familia nyingine ndani ya nchi. Nje ya nchi ni mwisho kabisa. Mkataba wa Afrika umeandika wazi kwamba uasili wa nje ni njia ya mwisho, na Sheria ya Mtoto inataka ionekane kuwa mtoto hawezi kupata familia au matunzo yanayofaa akiwa Tanzania.

Sasa jiulize: tatizo la mtoto wako ni nini hasa? Mama mmoja wa Mwandiga alikuja akitaka kumtoa mjukuu kwa wageni waliokuwa wamemaliza wiki mbili za kujitolea. Tulipozungumza, ikawa shida ni ada, sare na nauli. Hakuna hata moja ya sheria hizi inayosema umaskini peke yake ni sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Anayempenda mtoto na ana uwezo anaweza kumlipia shule mtoto akiwa kwa bibi yake. Wale wageni walipoambiwa hivyo, mmoja alikubali. Mwingine hakujibu tena, na hapo bibi akajua mgeni huyo alikuwa akitaka nini.

Kwa ndugu zangu Waislamu wa Ujiji: mnaoniambia kuasili kunaharibu nasaba, hamko peke yenu. Mkataba wa Haki za Mtoto wenyewe unaitaja kafala miongoni mwa njia halali za kumlea mtoto asiye na familia, na humo mtoto anabaki na ubini wake. Mwambie afisa mapema kwamba hilo ndilo mnalolitaka, na kwamba dini na mila za mtoto ziandikwe kwenye faili lake. Ni haki yake kuzingatiwa hivyo.

2. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, Kasulu, Buhigwe, Uvinza, popote mtoto anapoishi. Usianzie kwa mchungaji, wala kwa wakili, wala kwa mwenye makao. Afisa ndiye anayefungua faili, anayefanya uchunguzi wa familia, na anayeandika taarifa ya mtoto: ni nani, ametoka wapi, afya yake ikoje, ana ndugu gani. Bila taarifa hiyo hakuna kinachosogea.

Mpe lile daftari la majina. Kwa mkoa wetu kutafuta ndugu si kazi ya siku moja. Baba anaweza kuwa mvuvi aliyehamia Kalemie, Kongo, au Rumonge, Burundi, miaka sita iliyopita na yuko hai, ana nyumba na watoto wengine. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafutana kwa ndugu waliopotezana kuvuka mipaka. Uliza afisa mtumie njia hiyo. Na kama mtoto ana kaka au dada, sema mapema. Kuwatenganisha ndugu wa tumbo moja kunahitaji sababu nzito, si kwamba mgeni ana chumba kimoja tu.

ONYO: Usimpeleke mtoto makao kwa makubaliano ya mdomo ili "apatikane kirahisi" kwa mgeni. Mtoto mwenye ndugu akiandikwa humo kama yatima, uongo huo utamfuata hadi uzeeni.

3. Ridhaa itolewe sawasawa.

Ridhaa ni ya wazazi walio hai, au ya mlezi wa kisheria. Kanuni za The Hague zimeichambua vizuri, na mimi huzitumia kama kipimo hata kama sisi si wanachama:

- Anayeridhia awe ameelezwa kwamba uhusiano wa kisheria unakatika. Kama anaelewa Kiha kuliko Kiswahili, aelezwe kwa Kiha, na karatasi iseme nani alimtafsiria. Dole gumba chini ya ukurasa wa Kiingereza halina maana yoyote kwangu.
- Ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa. Mjamzito hawezi kumtoa mtoto aliye tumboni.
- Isinunuliwe. Hata kwa mabati ya nyumba, hata kwa "zawadi ya shukrani", hata kwa ada ya watoto wengine.
- Mtoto asikilizwe. Mwenye umri wa kuweza kutoa maoni aulizwe, na kwa Sheria ya Mtoto yetu, aliyefika miaka 14 ni lazima naye aridhie.

Halafu kuna moja inayowashangaza watu. Chini ya The Hague, wanaotaka kuasili hawaruhusiwi kukutana na wazazi au walezi wa mtoto kabla mamlaka hazijajiridhisha kuhusu ridhaa na kuhusu wao wenyewe, isipokuwa kama ni ndugu, au mamlaka imeruhusu kwa masharti. Mtoto hachaguliwi kama kuku wa mnadani. Mgeni aliyekwisha mpenda mtoto fulani, akampiga picha na kumpa jina jipya, ameanzia mwisho. Anaweza kuwa mtu mwema sana. Ila utaratibu umewekwa hivyo kwa sababu mama mwenye njaa akikaa meza moja na mwenye pesa, ile si ridhaa tena.

4. Pima kama mgeni anakidhi masharti.

Muulize mwenyewe, bila haya. Sheria ya Mtoto inataka mwombaji awe na angalau miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Asiye raia anaongezewa haya:

- awe ameishi Tanzania angalau miaka mitatu mfululizo;
- awe amemlea mtoto kwa malezi ya kambo angalau miezi mitatu chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii;
- asiwe na rekodi ya jinai kwao wala kwingine;
- awe na taarifa ya ustawi wa jamii au mamlaka ya kwao inayosema anafaa kuasili;
- aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili.

Sharti la miaka mitatu ndilo linalomaliza mazungumzo mengi. Aliyekuja kwa likizo ya kujitolea hawezi. Anayefanya kazi hapa kwa mkataba wa mwaka mmoja hawezi bado.

Na yule shangazi wa Uingereza? Hapa watu hukasirika. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kama shangazi amechukua uraia wa Uingereza, mbele ya sheria hii yeye ni mgeni, hata kama amezaliwa Gungu na anaongea Kiha kuliko wewe. Kama bado ana pasipoti ya Tanzania, mazingira yake ni tofauti. Afike kwa afisa na nyaraka zake. Kwa vyovyote vile, Uingereza nayo ina masharti yake ya kumpokea mtoto, na hayaondolewi na udugu. Aanze kuuliza huko kabla hajakata tiketi.

5. Maombi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kisha malezi ya kambo.

Maombi hupitia kwa afisa wa halmashauri na kwenda kwa Kamishna. Wakikubali, mtoto anaanza kuishi na mwombaji hapa hapa nchini, afisa akiwatembelea. Miezi mitatu ni kiwango cha chini. Ikizidi usishtuke, na usimsaidie mtu kuifupisha. Kwa wewe ndugu, huu ndio muda wa kutazama: mtoto analala? anakula? anaitwa jina lake? Ukiona jambo, mwambie afisa kwa maandishi.

6. Mahakama Kuu.

Amri ya kuasili kwa mgeni hutolewa na Mahakama Kuu. Zamani tulipanda treni kwenda Tabora. Siku hizi Mahakama Kuu ipo Kigoma. Shauri husikilizwa faragha. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto ndani ya shauri, kwa kawaida afisa ustawi wa jamii, na jaji atataka kujua kama ridhaa ni ya kweli na kama kuna malipo yaliyopita mkono kwa mkono. Ukiitwa, nenda. Ukiulizwa, jibu unalolijua, usijibu ulichofundishwa.

ONYO: Hati ya kiapo ya wakili si amri ya kuasili. Barua ya mtendaji wa kata si amri ya kuasili. Makubaliano ya ukoo yenye sahihi kumi na mbili na muhuri wa mtaa, vilevile. Ndiyo maana ubalozi unakataa.

7. Baada ya amri.

Amri inapelekwa kwa Msajili Mkuu, RITA, iingizwe kwenye rejista ya watoto walioasiliwa. Kisha pasipoti, Uhamiaji. Kisha viza ya nchi ya mgeni.

Nchi mbili zikiwa wanachama wa The Hague, mamlaka kuu za pande zote hukubaliana kabla mtoto hajakabidhiwa, na mwishoni hutolewa cheti kinachofanya uasili utambuliwe moja kwa moja katika nchi zote wanachama. Sisi hatuna cheti hicho. Kwa hiyo nchi ya mgeni itaichunguza amri yetu kwa sheria zake yenyewe. Marekani, kwa mfano, tangu Julai 2014 inataka wakala wa uasili awe ameidhinishwa hata pale mtoto anapotoka nchi isiyo mwanachama. Mgeni aulize kwao mapema, hatua ya 4, asije akauliza akiwa na amri mkononi na tiketi ya kesho.

KUHUSU WATOTO WA KAMBINI

Naliweka peke yake kwa sababu ni la Kigoma hasa. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996 watu wameona watoto wasio na wazazi humo na kudhani hawana mtu. Mtoto mkimbizi aliyepotezana na wazazi hachukuliwi kuwa yatima. Mwaka 1994 kikao maalumu cha The Hague kilitoa pendekezo: kabla ya kuasiliwa kwa mtoto mkimbizi, juhudi zote zifanyike kuwatafuta wazazi au ndugu, na ionekane kwamba kumrudisha kwao kuungana nao hakuwezekani au hakumfai. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kwa kawaida hutaka utafutaji usiopungua miaka miwili.

Kwa nini ukali huo? Oktoba 2007, watu wa shirika la Kifaransa L'Arche de Zoé walikamatwa Abéché, Chad, wakitaka kupandisha ndegeni watoto 103 waliodaiwa kuwa yatima wa Darfur. Ilipochunguzwa, wengi walikuwa wa vijiji vya Chad na walikuwa na mzazi hai. Wazazi walikuwa wameambiwa watoto wanapelekwa shule. Desemba mwaka huo Wafaransa sita walihukumiwa miaka minane. Basi ukisikia mtu anakusanya majina ya watoto kambini kwa ajili ya "shule ya nje", unajua hadithi hiyo imeshapita wapi.

MAKOSA NINAYOYAONA MARA KWA MARA

Kumsafirisha mtoto kwa viza ya matembezi au ya masomo, ili "mengine tuyamalize huko". Huko hayamaliziki, na mtoto hubaki bila hadhi yoyote.

Kuandika kwamba mzazi amekufa wakati hajulikani alipo tu.

Kupokea pesa na kuziita nauli. Gharama halali zipo, kama ada za mahakama na za wakili, lakini mwombaji analipa mwenyewe, pale panapostahili, na kupewa risiti. Haipitii mfukoni mwako. Pia haipitii kwa mtu wa kati anayejua watu Dodoma.

Kumficha mtoto asili yake. Akikua ana haki ya kujua alikotoka, kwa hiyo lile daftari la majina na ile kadi ya kliniki vihifadhiwe.

MAMBO YAKIKWAMA

Mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Anza na kadi ya kliniki na barua ya mtaa, nenda kwa msajili wa wilaya. Kama alizaliwa nyumbani, mkunga au jirani aliyekuwepo anaweza kusaidia kuthibitisha. Usikubali "kutengenezewa" cheti chenye jina la mgeni kama mzazi. Hiyo ni jinai.

Baba hapatikani. Onyesha mlivyomtafuta: nani aliulizwa, wapi, tarehe gani. Mahakama ina uwezo wa kuendelea bila ridhaa ya mzazi aliyemtelekeza mtoto au asiyepatikana, lakini itataka kuona juhudi, si maneno.

Ukoo umegawanyika. Ni jambo zuri kwa maana moja: kama kuna mjomba anayepinga kwa sababu yuko tayari kumlea, basi yeye ndiye wa kuzungumza naye kwanza. Rudi hatua ya 1.

Faili limelala miezi. Andika barua ya kuuliza, peleka kwa mkono, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha panda kwa afisa ustawi wa jamii wa mkoa. Usimpe mtu chochote ili "alisukume".

Mtoto ameshachukuliwa. Usisubiri asubuhi. Piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mwambie na afisa ustawi wa jamii. Beba picha ya mtoto na jina la aliyemchukua. Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Umeshasaini na sasa unajuta. Kama mahakama haijatoa amri, hujachelewa. Kanuni za The Hague zinataka ridhaa iwe haijaondolewa. Andika leo kwamba unaiondoa, taja tarehe uliyosaini na kama uliahidiwa kitu. Nakala moja kwa afisa, moja mahakamani kama shauri limefunguliwa, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa mapokezi. Kama huwezi kuandika, mwone msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe, na akikumalizia barua mwambie akusomee yote kabla hujaweka dole.